Mshipa ni Mshipa

Stoo ya unga, kiwanda cha mikate,
Jumanne, 16 Juni, mapumziko ya chai.

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kwamba goti limekubali dawa na masikio yamepata nafuu. Mzee wako naye vipi na kifua chake? Bado anatoka asubuhi bila koti kisha anawalaumu watu kwa kikohozi? Na mjukuu aliyekuwa anaota meno, yametoka au bado anawakesheza? Ile picha yake mliyotuma tumeibandika ukutani, juu ya redio. Kila anayeingia anasema kachukua paji la uso lako.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Pacha wetu wapo bweni shuleni, wameongezeka urefu na kiburi, wote kwa pamoja kama kawaida yao. Mimi ni mzima ila nimechoka, wifi. Nalisema mapema ili ukiona mwandiko umelala usidhani nimekukosea adabu. Naandika nimekaa juu ya gunia, karatasi nimeiweka juu ya trei ya mikate, na hayo madoa meupe utakayoyaona ni unga. Machozi sina muda nayo.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Wewe ukipokea simu unaweka sauti ya juu kwa ajili ya masikio yako, na mdogo wako naye anaweka sauti ya juu kwa ajili ya uvivu wa kushika simu, kwa hiyo mazungumzo yetu hufika mpaka kwa jirani. Haya ninayokuandikia ni yako peke yako. Vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee, hata yule mjukuu mkubwa anayejua kutunza siri.

Neno lenyewe ni moja tu. Nataka umwambie mdogo wako ainuke kitandani. Nimemwambia mimi, nesi kamwambia, daktari kamwambia, sote tumekuwa kama tunaimbia ukuta. Mtu anayemsikia duniani ni wewe, na wewe ndiye uliyemwambia alale.

Najua ulimwambia kwa upendo. Ngoja nikuanzie mwanzo, maana nina wasiwasi kwamba hata leo hujui alichopasuliwa.

Tangu nimemjua mume wangu ni mtu wa kusimama. Kinyozi hakai, kiti ni cha mteja, mahali pake yeye ni nyuma ya kiti, juu ya kigae kile kimoja ambacho kimelika kuliko vigae vyote vya kile chumba. Mishipa ya mguu wa kushoto ilianza kuvimba zamani, tukaizoea kama mtu anavyozoea ufa ukutani. Ilijiviringa kuanzia nyuma ya goti hadi kwenye kifundo, minene kama kamba ya kuanikia nguo, na wateja wakawa wanamtania kwamba ana ramani mguuni na akipotea asiulize njia. Akaacha kuvaa kaptula hata nyumbani. Baadaye ngozi ya juu ya kifundo ikawa nyeusi, ikawasha, ikafunguka kidonda kisichotaka kufunga. Hapo nikamkokota hospitali, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Daktari alimsimamisha juu ya kibao, akampaka nyuma ya goti mafuta ya baridi mpaka akaruka, kisha akaweka kidude cha kusikilizia damu. Akamwambia ainuke kwa vidole vya miguu, ashuke, ainuke, ashuke, kama mtoto anayechungulia dirisha la jirani. Wifi, nimeisikia damu ya mume wangu kwa masikio yangu mwenyewe. Mguu wa kulia, kila alipoinuka, ilipiga shwaa, ikanyamaza. Mguu wa kushoto ilipiga shwaa, halafu ikafuata shwaa nyingine ndefu, ya uchovu, ikirudi chini ilikotoka.

Alitueleza kwamba moyo unaisukuma damu mpaka miguuni, lakini kuipandisha tena juu ni kazi ya msuli wa kigimbi, hilo shavu la mguu nyuma. Ukitembea, kigimbi kinaikamua mishipa na damu inapanda, na ndani ya mishipa kuna vilango vidogo vinavyojifunga nyuma yake isirudi. Vilango vya mdogo wako vilikuwa vimelegea kama milango ya choo cha sokoni. Na mtu akisimama mahali pamoja kutwa nzima, kigimbi kinasinzia, damu inatuama. Kusimama siyo kosa, alisema, kosa ni kusimama bila kutembea. Mdogo wako akauliza kama anaweza kuwa anamzunguka mteja badala ya kusimama nyuma yake. Daktari akasema mzunguke hata mara kumi. Tulirudi tunacheka njia nzima tukifikiria wateja watakavyopata kizunguzungu. Hatujacheka tena tangu siku ile.

Operesheni yenyewe ilikwenda vizuri. Walimchana kidogo kwenye kinena na kidogo chini ya goti, wakaufunga ule mshipa mbovu huko juu, wakauvuta ukatoka wote. Usiniulize zaidi, nilisikiliza nusu na nusu nyingine nilikuwa nasali. Damu haikosi pa kupita, ipo mishipa mingine ya ndani zaidi na ndiyo yenye kazi kubwa. Alitoka jioni ileile na bandeji, soksi ya kubana na amri moja, atembee. Atembee kila siku, mara nyingi kwa siku, kwanza ndani ya nyumba halafu mtaani, na akikaa aunyanyue mguu. Hakuna neno alilolirudia yule daktari kama hilo, mpaka nikamwona anachosha.

Sasa sikia tulivyoponzwa na neno moja. Nikiwa bado kwenye benchi la hospitali, chaji inaisha, nilikuandikia ujumbe kwamba mdogo wako kafanyiwa operesheni ya mshipa na anaendelea vizuri. Nikautuma uleule kwa baba mdogo na kwa wengine wote. Sikuandika kwamba ni mshipa wa mguu. Nilijua mimi, nikaona na dunia nzima inajua. Kumbe ninyi huko mkaelewa ule mshipa mwingine, ule wa wanaume, ngiri.

Baba mdogo alifika kesho yake kabla hata sijachemsha chai. Akanitoa chumbani kwa adabu zote, akafunga mlango. Nyumba yetu unaijua, mlango ukifungwa ndiyo kwanza mtu anasikia vizuri.

"Pole, mwanangu," akamwambia. "Ni mambo ya kiume haya, hayana aibu."

"Ni mguu, baba mdogo."

"Ndiyo, ndiyo. Tuseme mguu."

Kisha akaiona bandeji ya kinenani, na hapo hakuna tena wa kumtoa kwenye imani yake. Akampa masharti yote ya ngiri ya zamani: asiinuke, asikohoe kwa nguvu, asicheke sana, asipande ngazi. Nilipoingia na chai nikamweleza habari ya damu, vilango na kigimbi, kama nilivyokueleza wewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapuliza chai yake. "Mkwe," akasema, "mshipa ni mshipa. Yote inatoka sehemu moja. Marehemu kaka yangu aliinuka mapema, unajua yaliyompata." Sikujua yaliyompata, nikadhani ni maneno ya wazee tu. Akiwa mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitakuwa mvumilivu kwa mume wangu. Nikamjibu ninao uvumilivu wa kutosha. Na wewe, kwa kuwa u wifi yangu na utani unaruhusiwa, nakuhakikishia kwamba huko kwingine hakukuguswa, kuko salama salimini.

Jioni ile ukapiga simu wewe. Mimi nilikuwa uani nafua. Niliporudi ndani nikamkuta amegeukia ukutani, simu iko kifuani.

"Dada kasema nilale," akaniambia. "Nisiinuke mpaka atakaponiambia."

"Dada hajui kama ni mguu."

"Dada anaujua mshipa kuliko wewe."

Tangu hapo unapiga asubuhi na jioni. Unamuuliza, umelala? Anajibu, nimelala, dada. Unamwambia, haya, lala. Mimi nasimama pale na kikombe mkononi, nasikia, na siwezi kuichukua simu nikakupigia kelele wewe uliyemlea. Mara moja nilisema kwa sauti, "Wifi, ni mguu!" Ukajibu, "Msalimie." Masikio hayo.

Kengele imelia, wanafungua oveni. Nitaendelea kesho.


Jumatano.

Samahani, jana sikupata tena nafasi hata ya kukaa. Leo nimepata gunia lilelile, na mkuu wa zamu kaniambia nichukue muda wangu, uso wangu unamtia huruma. Nimeuchukua bila kubisha.

Nikueleze siku yangu inavyokwenda, si kwa kulalamika, ni ili ujue. Naamka kabla ya jogoo wa jirani, natoa ndoo yake nje, maana chooni haendi, namwosha, halafu tunaanza soksi. Wifi, hiyo soksi ni ndogo kuliko mguu kwa makusudi. Mmoja anavuta, mwingine anasukuma, na mguu wenyewe hausaidii chochote. Tukimaliza ninakuwa nimelowa jasho na kazi ya kiwandani bado sijaigusa. Huku napanga mikate kwenye makreti mpaka mchana, narudi, napika, natoa ndoo tena. Viungo vyote vinaniuma. Jana nilimkuta mfanyakazi mwenzangu ananishika bega, kumbe nilikuwa nimesinzia nimesimama, mkate mkononi.

Na yeye ndevu zimemjaa mpaka simtambui. Kinyozi hajinyoi, watu husema, lakini huyu wetu hata kioo hataki kuletewa. Duka limefungwa. Nimebandika karatasi kwamba kinyozi anaumwa, na wateja wameanza kuja nyumbani. Wiki iliyopita alikuja mwalimu mstaafu na mashine yake ya kunyolea mkononi, ana mkutano, hamwamini mtu mwingine kwa kichwa chake. Akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda, akajipinda, na mdogo wako akamnyoa akiwa amelala kwa kiwiko. Alipoinuka, upande mmoja ulikuwa juu na mwingine chini, kama bango lililong'oka msumari. Mwalimu akajitazama, akanitazama mimi, akasema, "Safi kabisa." Akaenda mkutanoni hivyohivyo. Mwenyewe mdogo wako aliona alichokifanya. Akamrudishia mashine yake bila hata kuipangusa nywele. Unajua anavyojivunia mstari wa kichwa. Nilitoka nje nikajifanya naokota kuni.

Nimejaribu kila hila. Niliweka chakula mezani, mbali na kitanda, nikaondoka. Nilirudi nikakikuta kimepoa, na mgonjwa anatazama dari. Niliificha ndoo, akajizuia mpaka nikaogopa nimemletea ugonjwa mwingine. Nilimwambia namwacha, akasema nina haki. Utamfanya nini mtu wa namna hiyo?

Ijumaa iliyopita mguu ukavimba. Si uvimbe wa operesheni, ule ulikuwa umeshaanza kushuka. Huu ulikuwa mpya, ngozi inang'aa. Niliita majirani wawili, tukambeba mpaka kwenye teksi kama kabati. Daktari alipoona anabebwa, akaniangalia mimi kana kwamba ndimi niliyemfunga kamba. Akampima kwa kile kidude. Wifi, safari hii nilisubiri ile shwaa nikaona haiji. Akamkamua kigimbi kwa mkono wake, ikaja kidogo tu, kama mtu anayejibu swali bila kupenda. Akasema damu imeanza kutuama, bado haijaganda, na tumshukuru Mungu kwa hiyo bado. Akasema akilala hivi tena wiki moja, anaweza kupata donge la damu mguuni, na donge likikatika linapanda mapafuni, na hapo mtu hufa akiwa anazungumza. Kampa dawa ya kulainisha damu, lakini akasema dawa peke yake haitoshi kama kigimbi hakifanyi kazi. Ijumaa hii tunarudi, na anataka amwone akiingia kwa miguu yake ili ampime akiwa anatembea.

Mume wangu aliitikia kila neno. Tukarudi nyumbani, akalala. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wangu mimi kalisikia la mkuu, na guu ndilo hilo linaharibika.

Nilikasirika sana jioni ile. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilipoishiwa akaniambia, bila kugeuka, habari ambayo katika miaka yote ya ndoa hajawahi kuitamka. Akaniambia jinsi baba yenu alivyokufa.

Sikujua, wifi. Nilijua alikufa mapema, mama yenu akiwa tayari hayupo, na wewe ukawalea wadogo zako. Sikujua kwamba alipasuliwa mshipa, ule wa ngiri wenyewe. Sikujua kwamba alilala wiki tatu na wewe unamuuguza, na kwamba siku uliyokwenda sokoni baba alitaka kuota jua, na mume wangu, mtoto wa darasa la nne, akampa bega akamwinua. Walifika mlangoni tu. Baba akashika kifua, akaanguka. Na wewe uliporudi ukasema mbele ya watu wote, "Kwa nini ulimwinua? Si nilikwambia asiinuliwe?"

Sikulaumu kwa neno lile. Nani angesema jingine? Lakini analibeba mpaka leo. Aliponiambia, sauti yake haikuwa ya mtu mzima. "Mimi nilimwinua," akasema. "Sasa na mimi nikiinuka..." Nilimfunika shuka nikakaa chini sakafuni.

Haya yanayofuata ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi. Ukihitaji kupumzika, pumzika kwanza.

Jumatatu nesi wa zahanati alipita nyumbani kubadilisha bandeji. Ni mama wa makamo, mikono yake haina haraka. Nilimsindikiza nje nikamuuliza kama ni kweli mtu aliyepasuliwa akiinuka mapema hufa, maana baba mkwe wangu alikufa hivyo. Akaniuliza alilala muda gani. Nikamwambia. Akaniuliza kama mguu mmoja ulivimba kabla. Nikamwambia ndiyo, mume wangu anakumbuka, ulivimba ukamuuma kigimbini, na dada yake alikuwa akimkanda kwa mafuta ya moto kila jioni. Nesi akasimama. Alikuwa anakunja bandeji iliyobaki, akaikunja mpaka mwisho bila kuniangalia.

"Si kuinuka kulikomuua," akasema. "Ni kulala." Kisha akaongeza, "Lakini siku zile ndivyo tulivyowaambia watu. Tuliwaambia walale."

Wifi, nimeibeba sentensi hiyo tangu Jumatatu. Mimi sikuwepo, nesi hakuwepo, wala hakuna anayeweza kuapa. Ningekuwa na njia ya kumwinua mume wangu bila kukugusa wewe, ningeipita hata kama ni ya miiba. Nimeitafuta sijaiona. Wewe ulikuwa binti mdogo, umeachiwa nyumba na wagonjwa na watoto. Ulimlaza baba kwa sababu hospitali ilikuambia umlaze. Ulimkanda kwa sababu aliumwa na ulimpenda. Mtu akikuambia ulifanya jingine, mlete kwangu. Kama ninalia sasa hivi, na nalia, ni kwa ajili yako, si kwa ajili ya uchovu.

Lakini naogopa, wifi. Naogopa kurudi kutoka kazini nikute chumba kimya. Nikifika pale kona kabla ya nyumba napunguza mwendo, miguu yenyewe inakataa, mpaka nisikie redio.

Basi nakuomba. Barua hii nampa dereva wa lori la mikate anayekuja huko kesho, ameahidi kuifikisha mkononi mwako kabla ya jua kuzama. Ukishaisoma, piga simu. Usimuulize kama amelala. Mwambie ainuke. Mwambie atie miguu chini, akushike wewe kwenye simu mkono mmoja na mimi mkono wa pili, atembee mpaka mlangoni, nawe unamsikiliza. Mwambie kwa sauti ile uliyokuwa unamwitia akaoge. Ijumaa asubuhi nataka aingie kwa daktari kwa miguu yake, nisikie tena ile shwaa.

Na mwambie jambo la pili, kwamba hakumuua baba. Mwambie hivyohivyo, kwa maneno machache. Amelisubiri kwako tangu utoto, kutoka kwangu halina uzito.

Nisalimie mzee wako, mwambie avae koti. Nisalimie mkwe wako fundi umeme na mkewe, na yule mkubwa wa siri, na mwenye meno mapya mbusu kwenye hilo paji la uso. Wa huku wote wanakusalimu. Pacha wameandika kutoka bweni kwamba shangazi yao asisahau aliyowaahidi. Hata baba mdogo kakusalimu, bado anasema mshipa ni mshipa, na mimi nimeacha kubishana naye, maana naona safari hii karibu anasema kweli, damu ya kulala haijali ulipasuliwa mshipa upi.

Nimalizie na hili, halafu nirudi kwenye mikate. Maneno ya nesi usimwambie mdogo wako. Wala siku nyingine, hata tukishazeeka. Mimi ninamjua na wewe unamjua zaidi. Yule amekubali kuwa muuaji tangu darasa la nne. Akisikia kwamba huenda kilichomuua baba ni kule kulazwa, atakataa palepale, atasema hapana, ni mimi nilimwinua. Na ili wewe usiwe na kosa, wifi, atalala hapo mpaka afe.

Mungu akupe nguvu ya kuisoma mara moja na mkono wa kuichana.

Wifi yako akupendaye,
Mama Pacha.